Wahakiki wapya, gitaa halijafa: vunjeni matanga

Wadogo zangu, nimezisoma rasimu zenu kuhusu 22, A Million, albamu ya Bon Iver, bendi ya Mmarekani Justin Vernon. Karibu zote zinaanzia kwenye kile kibanda cha Wisconsin alikorekodia albamu yake ya kwanza, For Emma, Forever Ago, na zote zinalia kwamba Vernon kaitelekeza folki, ule muziki wa gitaa na sauti. Jamani! Kilio hicho tulishakilia sisi albamu ilipotoka, 2016, na tulilia vibaya.

1. Sikilizeni yote mfululizo kabla hamjaandika. Ni nyimbo 10, dakika 34 tu.

2. Majina ya nyimbo si hoja. Sawa, "22 (OVER S∞∞N)" halitamkiki. Sema mara moja, upite. Wakati wewe unakejeli alama, sauti ya Mahalia Jackson, yule mwimbaji wa injili, imepita humo ndani na hukuisikia.

3. Msiandike "kwa mara ya kwanza" kabla ya kurudi nyuma kukagua. Hili lilinitia aibu mimi mwenyewe. Wiki ile nilitaka niwahi kuliko wengine. Nikaandika kwamba mtu aliyetupa For Emma, Forever Ago, gitaa na ile sauti nyembamba, sasa kwa mara ya kwanza kajificha nyuma ya mashine kwa kuwa hana la kusema. Nikaona nimeandika! Hayo maneno "kwa mara ya kwanza" nikayapandisha mpaka kwenye kichwa cha habari. Msomaji mmoja akanijibu kwa neno moja tu: "Woods". Ndio wimbo wa mwisho kwenye Blood Bank, rekodi fupi ya Bon Iver ya 2009. Hauna gitaa wala ngoma. Ni sauti yake tupu, imepitishwa kwenye Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji, ikarundikwa tabaka juu ya tabaka hadi ikawa kwaya. Mwaka 2010 Kanye West aliuchukua akaujengea "Lost in the World". Na mimi wimbo ule nilikuwa nauimba, basi! Ila uliniharibia hadithi niliyokwisha kuipenda, nikausahau kwa raha zangu. Mhariri alikataa kuifuta makala. Aliongeza masahihisho chini yake kwa herufi za mlazo, na hadi leo yapo.

4. Taja mtambo na kazi yake. "Vionjo vya kielektroniki" ni uvivu. Kwenye "715 - CRΣΣKS" unausikia Messina, mtambo uliopewa jina la mhandisi wake, Chris Messina, unaoifanya sauti moja ijiitikie papo hapo kwa sauti kadhaa. Vernon akinyamaza, kwaya nzima inanyamaza naye. Mtu anayejificha hasikiki hivyo.

5. Wasikilizaji si kura. Wahakiki wengi waliisifu, ikaingia ya 2 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, nyuma ya albamu ya mwimbaji Solange, na bado mashabiki wa zamani walinuna. Hakuna hata kimoja hapo kinachokufanyia kazi yako. Lakini anayesema "nilipotea" usimcheke. Muulize alipotea wapi. Mara nyingi atakuonyesha sekunde yenyewe, na utakuta kuna kitu pale.

6. Aliyeniandikia kwamba albamu haina gitaa, fungua "29 #Strafford APTS". Tumia hedifoni, si spika ya simu. Rasimu mpya naitaka kabla ya saa kumi, na kibanda kisiwemo.