Swali la lugha: ukinzani, upinzani au usugu?

Msomaji wa Nyakato, Mwanza, anayejifunza ufundi umeme, anauliza: fundi wake husema “upinzani wa waya”, kitabu kimeandika “ukinzani”, na mwenzake wa karakana ameshikilia “usugu”. Lipi sahihi? Na kwa nini kitabu hichohicho kinataja “ukinzani wa kebo” na “ukinzani wa shaba” kwa tarakimu zisizofanana?

Andika ukinzani, yaani kiasi ambacho waya huzuia umeme usipite. Upinzani una ukoo na kupinga, na anayepinga ana nia, waya hauna. Linalonisumbua zaidi ni usugu. Sugu ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, kama kiganja cha mvuvi wa Kirumba anayevuta nyavu kila usiku: huja polepole, na haiondoki upesi. Vimelea huweza kupata usugu wa dawa. Shaba haizoei umeme. Ikipata joto ukinzani wake hupanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto 1 ya Selsiasi; ikipoa, hushuka tena.

Swali la pili ndilo zito. Kebo ni kitu, ina urefu na unene wake. Shaba ni kile kilichoitengeneza. Ukitajiwa bei ya dagaa pale Mwaloni, lazima uulize: ya gunia au ya kilo? Ndivyo ilivyo hapa. “Ukinzani wa shaba” bila kipimo cha urefu na unene hauna maana, kwa hiyo mimi huongeza neno: ukinzani mahususi wa shaba. Kwenye nyuzijoto 20, mita 1 ya waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita 1 ya mraba ina omu 0.0172 hivi (omu ndicho kipimo cha ukinzani). Zidisha kwa urefu, gawanya kwa eneo: mita 100 za waya wa milimita 2.5 za mraba ni omu 0.69.

Hapo pana mtego. Mafundi husema “waya wa milimita 2.5” wakimaanisha eneo. Kipenyo chake ni milimita 1.8 hivi. Tafadhali usiache kuandika “za mraba”.

Ukipima kwa testa, yaani kifaa cha kupimia ukinzani, gusanisha kwanza ncha zake, soma, kisha toa kiasi hicho, maana nyaya za testa nazo zina ukinzani. Ndipo uandike daftarini: “Ukinzani wa kebo: omu 0.69. Ukinzani mahususi wa shaba: omu-mita 0.0000000172.” Ni ile 0.0172 ya mwanzo, ila hapa eneo limehesabiwa kwa mita za mraba badala ya milimita za mraba.