Jumamosi ya mwaka 1975: kuandaa jioni ya televisheni kwa wazee unaowatunza Uingereza

Kama unafanya kazi ya kea Uingereza na umepangiwa shughuli za jioni, nakuomba usiwawekee wazee kipindi kimoja cha zamani kisha ukaondoka. Wawekee jioni nzima, kwa mpangilio wake. Mzee mwenye miaka 85 leo alikuwa na miaka kama 35 mwaka 1975, ana watoto wadogo na televisheni yenye stesheni tatu tu: BBC1, BBC2 na ITV. Channel 4 ilikuja Novemba 1982. Jumamosi jioni nyumba nyingi za mtaa mmoja zilitazama kitu kilekile kwa saa ileile. Nimeona kwa macho yangu kwamba hata mtu aliyesahau majina ya wajukuu zake bado anaufuata ule mfuatano: kikiisha hiki kinakuja kile, hapa chai, pale watoto waoge.

Mimi huanza na matokeo ya mpira. Kwenye Grandstand, kipindi cha michezo cha BBC1, kuelekea saa kumi na moja jioni, Len Martin aliyasoma yote, ya England na ya Scotland, na kwa jinsi alivyopandisha au kushusha sauti kwenye jina la timu ya pili, msikilizaji alishabashiri nani kashinda kabla mabao hayajatajwa. Wakati huo baba mwenye nyumba alikuwa na kuponi ya pools mkononi, yaani kamari ya kubashiri matokeo ya mpira, anatafuta sare za mabao, maana ndizo zilizokuwa na pointi nyingi. Hakuna aliyeruhusiwa kuongea. Ukikosa rekodi, chapisha matokeo ya Jumamosi moja ya msimu wa 1974/75, uyasome mwenyewe polepole. Lafudhi yako isikutie hofu. Niliposoma hivyo, mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu mchana alinyoosha mkono kuwanyamazisha wenzake, akauacha juu mpaka nilipomaliza ligi ya mwisho.

Baada ya hapo Doctor Who, hadithi za msafiri wa angani na majitu ya kutisha, ile ya mwigizaji Tom Baker, yule wa skafu ndefu. Usikalie sana hapo. Dakika za mwanzo zinatosha, kwa sababu kuna wazee ambao yale majitu huwatia woga wa kweli na usiku hawalali.

The Generation Game ndiyo roho ya jioni. Bruce Forsyth alikiongoza kuanzia 1971 hadi 1977. Jozi za ndugu wa vizazi viwili, kama mama na mwanawe, zilishindana, na mwisho mshindi aliketi mbele ya mkanda unaotembea, zawadi zikimpita moja moja: birika, seti ya visu, taa ya mezani, na lazima mdoli wa manyoya. Zikishapita, alichokumbuka kukitaja ndicho alichokwenda nacho nyumbani, huku watu studio wakimpigia kelele za kumkumbusha. Wafanyakazi wengi hapa hushawishika kuuliza: "Unakumbuka ilikuwa nini?" Tafadhali usiulize. Kwa mtu mwenye dementia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, swali hilo ni mtihani, naye anajua kuwa anafeli. Taja vitu wewe, kwa furaha, uache nafasi. Atakayetaka kudakia atadakia.

Kwa vichekesho, The Two Ronnies, wachekeshaji wawili, ni wazuri ila utani wao umo ndani ya maneno, na maneno humpita mzee asiyesikia vizuri. Mimi nachagua Morecambe and Wise, wachekeshaji wengine wawili, hasa kipindi chao cha Krismasi ya 1971. Humo Shirley Bassey, mwanamke mweusi mzaliwa wa Cardiff, anaimba kwa fahari zote, kiatu chake kinakwama jukwaani, na wale wawili wanamvalisha buti zito huku yeye haachi kuimba. Hapo hahitajiki mkalimani.

Kuna vipindi ambavyo siweki, hata vikiombwa. The Black and White Minstrel Show ilirushwa na BBC kuanzia 1958 mpaka 1978, wazungu wamejipaka weusi usoni wakiimba. Love Thy Neighbour ya ITV ilijengwa juu ya matusi kwa jirani mweusi. Mwandishi wake mmoja, Vince Powell, ndiye aliyetuletea Mind Your Language mwaka 1977, kichekesho cha darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza, ambacho wengi wetu tulikicheka Kenya na Tanzania, na hicho nacho nakiacha kabatini siku nikiwa na mwenzangu wa Kihindi kwenye shifti. Mzee akiomba kimojawapo simkaripii. Namwambia leo tuna kingine, naweka kingine. Wewe nawe una haki ya kufanya kazi bila kudhalilishwa na skrini.

Upande wa mitambo: picha za enzi hizo ni karibu mraba, usizivute zijaze skrini, nyuso zitapanuka wazee wasizitambue. Ukiona mtu anatoka mlangoni na picha inabadilika ghafla kuwa na chengachenga, DVD yako ni nzima: ndani ya studio walirekodi kwa video, nje kwa filamu. Washa maandishi ya chini, zima redio ya jikoni. Stesheni ya Talking Pictures TV huonyesha vitu vya zamani bure, lakini kwa mpangilio wako utahitaji DVD.

Acha nafasi ya mazungumzo pia. Wakati wa uhaba wa nishati, kuanzia Desemba 1973, serikali iliamuru televisheni zifungwe saa nne na nusu usiku. Ukitaja mgao wa umeme wa kwenu, watakusimulia mishumaa yao, na kwa mara moja mtakuwa mnaongea kama watu waliopitia jambo moja.

BBC1 ilifunga matangazo kwa wimbo wa taifa. Ukiuweka, sogeza vikongojo karibu na uwe na mwenzako chumbani kabla hujabonyeza, kwa sababu baadhi yao watasimama. Kisha kabla ya kukabidhi shifti, andika kwenye rekodi ya kila mmoja alicheka wapi na alinyamaza wapi, ili wa zamu ya asubuhi apate pa kuanzia wakati wa kumvisha.