Ukidaka kisahani, hukimbii nacho

Umeuliza kama kwenye alitimeti, mchezo wa timu mbili wa kurushiana kisahani cha plastiki (frisbee), mtu akidaka kisahani anaweza kukimbia nacho mpaka mwisho wa uwanja. Hapana. Ukidaka, unapunguza mwendo usimame haraka uwezavyo, mguu mmoja unabaki palepale, mwingine unauzungusha kutafuta upenyo wa pasi. Anayekukaba, akiwa ndani ya mita 3, anahesabu sekunde kwa sauti. Akianza kutamka kumi na kisahani bado unacho, kinakuwa cha timu pinzani. Kikianguka chini, kikitoka nje au wakikidaka wao, pia ni chao, na mnageuka kukaba papo hapo.

Bao ni mwenzako kudaka pasi ndani ya eneo la mwisho mnaloshambulia, ambalo kwenye uwanja wa nyasi lina mita 18 kutoka mstari wa mbele hadi wa nyuma. Kwenye nyasi mnacheza 7 kwa 7, ufukweni 5 kwa 5.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba hakuna refa, hata mashindano ya dunia. Ukisukumwa wakati wa kudaka, unaita faulo mwenyewe. Aliyekusukuma akikubali, unapewa kisahani. Akipinga, kinarudi kwa aliyerusha na mchezo unaendelea.