Jibu: Mnunuzi anataka akae na iPhone 11 siku tatu ndiyo amalizie hela

Mkuu, siku tatu HAPANA. Anayenunua simu inamtosha nusu saa mezani mbele yako. Siku tatu zinamtosha fundi kung'oa vifaa. Hiyo nusu ya hela anayotanguliza ndiyo chambo chenyewe.

Na huyo aliyekushauri "mpe tu, mteja ni mfalme" mwambie atoe simu yake. Washauri wa magroup ya WhatsApp wana huruma sana na mali za wenzao.

Sikia mchezo unavyokwenda. Jamaa akifika kwake anaingiza akaunti yake ya iCloud, ile akaunti ya Apple inayoifunga simu kwa mwenye nenosiri. Siku ya tatu anarudi: "Haishiki chaji, nipe hela yangu." Unawasha, inawaka, unamrudishia hela. Jioni unaifuta umuuzie mwingine, inadai nenosiri la akaunti ya jamaa, na jamaa hapatikani hewani. Kuifuta hakusaidii, kufuli liko kwenye seva za Apple. Hapo umebaki na spea za kuuza rejareja, na kioo chenyewe huenda si kile ulichompa.

Usiniambie "nitalinganisha IMEI", ile namba ya utambulisho wa simu. *#06# inakupa namba ya bodi (sakiti kuu ya ndani), na bodi ni ile ile hata kioo na betri vikiwa vimeng'olewa. Fungua Settings, General, About. Kwenye iPhone 11, kioo au betri ikishabadilishwa hapo hutokea sehemu ya Parts and Service History. Simu isiyoguswa haina sehemu hiyo kabisa. Piga picha ukurasa huo na serial namba yake, mnunuzi akiona. Chomoa kitrei cha laini, mulika tundu kwa tochi: kuna kialama cheupe, kikigusana na maji kinageuka chekundu. Kipige picha nacho, maana "mbona imeingia maji" huja wiki ya pili.

Mwache ajaribu hapo hapo: apige kwa laini yake, kamera zote, spika, maiki, Face ID (kufungua kwa uso), aichomeke chaja dakika kumi aone asilimia inapanda. Akiridhika alipe YOTE. Usiamini SMS anayokuonyesha, SMS mtu anaitunga. Piga *150*00# uone salio lako mwenyewe kama ni M-Pesa ya Tanzania. Hela ikisomeka ndipo utoke kwenye iCloud na kuifuta simu, yeye akiangalia, aweke akaunti yake.

Halafu karatasi, nakala mbili: majina, namba za NIDA (kitambulisho cha taifa), IMEI, serial, asilimia ya betri, na mstari "nimeikagua nimeridhika, hairudishwi". Sahihi zote mbili. Akianza kuona karatasi ni usumbufu, funga boksi lako uondoke, hata kama nauli imeshakutoka.

Uliuliza pia kuhusu punguzo la elfu hamsini na kava la bure. Hayo malizaneni wenyewe, kava mpe.