Goti likilia "tak" na kuvimba siku hiyohiyo, usikubali kuchuliwa

Pole sana mkuu. Umesema uligeuka kumkwepa beki, hakuna aliyekugusa, goti likalia tak, jioni limevimba huwezi kulikunja, na sasa kuna jamaa mtaani anataka kulichua na maji ya moto. Nakuomba usimpe hilo goti.

Mimi yalinikuta hivyohivyo kwenye ndondo, nacheza winga, nimekanyaga mguu wa kulia nikate ndani, njumu zikang'ang'ania chini, mwili ukazunguka goti likabaki. Nikachuliwa wiki 2, eksirei ikasema mfupa mzima, nikarudi uwanjani, hata nusu saa haikufika goti likachomoka tena na safari hii likaharibu na menisko, ile gegedu ya kati ya mifupa ya goti. Eksirei inaonyesha mifupa tu mkuu, ligamenti, zile nyuzi zinazoshikilia mifupa pamoja, mpaka kile kipimo cha picha cha MRI, au daktari wa mifupa anayejua kulipima goti kwa kulivuta na mikono. Tak na kuvimba ndani ya masaa machache mara nyingi ni ile ACL, ligamenti ya katikati ya goti, imekatika, damu imejaa kwenye kiungo. Watu wanadhani lazima uingiwe vibaya kama van Dijk, beki wa Liverpool, na kipa wa Everton Oktoba 2020, ila nyingi zinatokea bila kuguswa, unageuka ghafla, unafunga breki, au unatua vibaya ukitoka kupiga kichwa.

Enka, kifundo cha mguu, ni tofauti, mguu unajipinda kwa ndani na maumivu yanakaa upande wa nje. Nyama za nyuma ya paja zinachanika ukiwa kwenye spidi, unahisi umepigwa jiwe, unageuka hakuna mtu. Halafu yapo maumivu yanayokuja taratibu, ugoko au chini ya pia ya goti, hayo ni mazoezi kuongezwa haraka, huwezi kutaja siku ilipoanza.

Kwa sasa weka barafu ndani ya kitambaa dk 15 mpaka 20 mara kadhaa kwa siku, funga bandeji, mguu juu ya mto. Kuchua na moto siku hizi za mwanzo kunaongeza uvimbe. Na ukifanyiwa upasuaji kocha asikurudishe kabla ya miezi 9, mimi nilikuwa napima mapaja kwa tepu ya fundi cherehani kuona kama misuli imerudi, la kulia lilichukua muda mrefu sana kulifikia la kushoto.

Ukishuka ngazi goti linataka kuchomoka? Nijibu hilo kwanza.