Megapikseli 64 za Boksi na 24 za Kweli: Mwalimu Anunue Kamera Ipi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Mwishoni mwa wiki hupiga picha za mahafali na sendofu kwa simu, na watu wameanza kunilipa. Nimeweka akiba ya kununua kamera moja. Nimeipenda mirolesi ndogo (kamera ya kubadilisha lenzi), Canon EOS R50, inayouzwa pamoja na lenzi yake ya milimita 18-45. Lakini dukani wamenionyesha kamera ya mfukoni ya megapikseli 64, bei yake haifiki hata robo, na muuzaji anasema mirolesi ina megapikseli 24 tu. Nami napenda kitu kinachoingia kwenye mkoba. Nichukue ipi?

JIBU: Mwalimu, nianze na hiyo 64, kwa sababu ndiyo iliyokuvuruga, na hatuwezi kuzungumza la maana kuhusu mirolesi wala kamera ya mfukoni kabla hatujaiondoa njiani. Mara kwa mara huletewa karakanani kamera mpya kabisa, nailoni ya kioo haijabanduliwa, mwenyewe akisema imeharibika kwa kuwa picha zake zina ukungu kuliko za simu yake. Haijaharibika. Ndivyo ilivyotoka kiwandani, na hakuna fundi awezaye kuitengeneza.

Megapikseli ni hesabu ya vitone vinavyounda picha, basi. Haisemi lolote kuhusu ubora wa kitone hata kimoja. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45, ikisafishwa kwa vitone 300 kwa kila inchi, haihitaji hata robo ya megapikseli moja. Picha ya A4 huhitaji karibu 9, na ya A3 kama 17. Mirolesi yako ya 24 tayari inazidi chochote utakachosafishiwa studio kwa ajili ya albamu ya sendofu, na picha nyingi za wateja wako zitaishia WhatsApp, ambako hubanwa hadi zikabaki na sehemu ndogo tu ya vitone vyake. Tazama pia wanachofanya watengenezaji wenyewe. Sony A7S ilipotoka mwaka 2014, ikiwa kamera iliyokusudiwa kupiga gizani kuliko nyingine zote za kampuni hiyo, ilipewa megapikseli 12 peke yake, na toleo la tatu la mwaka 2020 likabaki na 12 vilevile. Simu ya Samsung Galaxy S23 Ultra inatangazwa kuwa na megapikseli 200, lakini ukiifungua na kupiga bila kugusa mpangilio wowote, huunganisha vitone 16 kuwa kimoja na kukupa picha ya 12. Kama wingi wa vitone ndio ungekuwa usafi wa picha, wasingejisumbua kuvipunguza.

Kinachofanya picha ya ukumbini iwe safi ni kiasi cha nuru kinachokusanywa, na nuru hiyo hutegemea mambo mawili: eneo la kihisi (kile kibamba cha ndani kinachopokea nuru) na upana wa tundu la lenzi. Nuru huingia kwa bahati nasibu, chembe kwa chembe, na zikiwa chache ndipo unapoona ile michangachanga kwenye uso wa bibi harusi. Ukiongeza nuru mara 4, michanga hiyo hupungua kwa nusu. Sasa pima vihisi vyenyewe. Kihisi cha kamera nyingi za bei nafuu za mfukoni, hata zile za kweli, kina milimita 6.2 kwa 4.6, yaani eneo la milimita za mraba 28. Kihisi cha kamera bora za mfukoni, kile kinachoitwa cha inchi 1 ingawa hakina upande unaofika inchi, kina 13.2 kwa 8.8, yaani 116. Kihisi cha mirolesi uliyoipenda kina 22.3 kwa 14.9, yaani 332. Kati ya cha kwanza na cha mwisho pana tofauti ya karibu mara 12.

Jaribu kuvibana vitone milioni 64 katika hizo milimita za mraba 28, na kila kitone kitakuwa na upana usiofika mikromita 0.7 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), hali lenzi yenye tundu la f/3 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana), hata ingekuwa imesuguliwa na malaika, huitandaza nukta moja ya nuru ya kijani hadi upana wa mikromita 4 hivi. Nukta moja ya nuru inafunika vitone sita kwa upana. Hivyo vitone vya ziada havina jipya la kurekodi, vinarudia habari ileile.

Na hapo bado nimeifanyia hisani kamera uliyoonyeshwa, kwa kuchukulia kwamba inavyo hivyo vitone. Katika nyingi za namna hiyo havimo. Nimefungua kadhaa. Ndani ya ganda lililonakshiwa lionekane la kamera ya maana unakuta kipande cha ubao wa saketi, betri nyepesi, na kamera ndogo yenye ukubwa wa ncha ya kidole, sawa na ile ya mbele ya simu ya bei ya chini; ile duara kubwa ya lenzi inayoonekana kwa nje ni kioo bapa kilichobandikwa mbele yake, hakikusanyi wala hakipindi nuru yoyote. Kihisi hicho hunasa megapikseli 5, 8 au 13, kisha programu hubuni vitone vya katikati kwa kupiga wastani wa majirani zake mpaka hesabu ifike 64. Ni muuza maziwa aliyeongeza maji: ndoo imejaa, maziwa ni yaleyale. Faili linakuwa kubwa, kadi inajaa haraka, na mnunuzi huuchukua uzito huo wa faili kuwa ushahidi wa ubora.

Kwa kuwa tumefika kwenye kubuni, niseme pia kuhusu programu za akili mnemba zinazodai kuing'arisha picha mbovu baada ya kupigwa. Zinaweza kufaa kwa mengine, lakini kwenye uso wa mtu hubuni kope, meno na mikunjo ambayo mwenye uso hana. Mteja akikuambia kwamba huyu si bibi yangu, huna la kumjibu.

Tukishaiondoa hiyo, swali lako linakuwa swali la kweli: mirolesi, au kamera ya mfukoni iliyo bora? Hapa ndipo wapiga picha wenye uzoefu nao hukosea, kwa kudhani kwamba mirolesi hushinda kwa kuwa ni mirolesi. Lenzi ya 18-45 unayouziwa pamoja na mwili ina tundu la f/4.5 ikiwa pana (inapoona eneo kubwa) na f/6.3 ikivutwa (kwa zumu). Canon PowerShot G7 X Mark III, ambayo ni ya mfukoni na ina kihisi cha inchi 1, ina f/1.8 ikiwa pana na f/2.8 ikivutwa. Fanya hesabu: kihisi cha mirolesi ni kikubwa karibu mara 3, lakini tundu la ile ya mfukoni hupitisha nuru mara 6 zaidi kwenye upana na mara 5 zaidi kwenye mvuto. Kwa kasi ileile ya shata (muda ambao kihisi huachwa kipokee nuru), kamera ya mfukoni inakusanya nuru yote kwa jumla karibu mara 2 ya mirolesi iliyovaa lenzi ya boksi, hiyo ya 18-45. Mtu aliyenunua mirolesi na kuiachia lenzi hiyo maisha yake yote, akapiga kumbini usiku bila flashi, amelipa zaidi apate kidogo.

Faida ya mirolesi iko kwenye uwezo wa kuivua hiyo lenzi na kuvaa nyingine. Canon RF 50mm f/1.8 ina uzito wa gramu 160, na ukiilinganisha na f/6.3 ya lenzi ya boksi inapitisha nuru mara 12. Kwenye R50 itakupa picha za nusu mwili na uso, zenye mandhari ya nyuma iliyolainika. Kwa vikundi vya watu katika ukumbi finyu itakulazimu urudi nyuma mpaka ukutani, kwa hiyo kwa hapo tumia ile ya 18-45 pamoja na flashi. Ndiyo sababu, kwa kazi yako ya kulipwa, jibu langu ni mirolesi, ila kwa sharti kwamba fedha ya lenzi ya pili na ya flashi iwe imehesabiwa tangu siku ya kwanza. Kama fedha inatosha mwili na lenzi ya boksi tu na huoni nyingine ikija karibuni, basi kamera ya mfukoni yenye kihisi cha inchi 1 ni uamuzi wa busara kuliko unavyodhani, na inaingia kwenye mkoba bila ubishi.

Bei za hizo mbili usizitarajie ziwe mbali sana. Kamera nzuri ya mfukoni si bidhaa ya bei chee, na ukiiona inauzwa kwa bei ya chaja, rejea aya za juu.

Flashi ndiyo itakayokuamulia, Mwalimu, kwa sababu sendofu ni kazi ya usiku. G7 X Mark III ina flashi ndogo ya kuinuka, lakini haina kiatu cha kupachikia flashi ya nje. Utamulika watu usoni moja kwa moja, paji la uso liwake na ukuta wa nyuma uwe mweusi. Mirolesi ina kiatu, na flashi ya nje unaweza kuielekeza kwenye dari nyeupe ili nuru ishuke kwa upole. Lakini sikiliza hapa, maana wauzaji hawasemi: kiatu cha R50 ni cha mfumo mpya wenye pini za kidijitali pekee, na flashi za kawaida zinazouzwa mitaani haziwaki juu yake bila kiunganishi cha Canon kinachoitwa AD-E1. Kununua flashi, kisha kurudi nyumbani na kuikuta haiwaki, ni hasara ya kizembe kabisa. Nenda na mwili wa kamera dukani, pachika, piga, ndipo ulipe. Na ukipiga bila flashi chini ya taa za ukumbini, weka shata kwenye 1/50 au 1/100, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na taa duni hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kasi zaidi ya hapo zinaweza kukuachia mistari myeusi iliyolala juu ya picha.

Unyevu wa Tanga hauchagui aina. Lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi kabatini itaota kuvu; iweke kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vifuko vya silika, na uvikaushe au uvibadilishe vinapojaa maji. Kamera ya mfukoni ina udhaifu mmoja wa ziada, nao ni mchanga wa ufukweni unaoingia kwenye meno ya lenzi inayochomoka. Ikikwama, usiisukume kwa kidole.

Sasa niwageukie na wengine, kwa kuwa najua wanaosoma majibu haya wanayo maswali kama ya Mwalimu. Nendeni dukani na kadi yenu ya memori. Pigeni maandishi madogo ya boksi lililo upande wa pili wa duka, kisha pigeni uso wa mwenzenu pasipo na mwanga wa kutosha, na mzitazame picha kwenye kompyuta kwa ukubwa wake kamili, si kwenye kioo cha kamera ambacho hufanya kila picha ipendeze. Herufi zikiwa zimeyeyuka na kuwa kama rangi ya maji, hizo megapikseli ni za boksi. Tazameni taarifa za faili: kamera ya kweli huandika urefu wa lenzi, namba ya tundu, kasi ya shata na ISO (usikivu wa kamera kwa nuru), na namba hizo hubadilika kutoka picha hadi picha. Tazameni mdomo wa lenzi pia: ikiwa tangazo linajisifia zumu ya kidijitali mara 16 na lenzi haisogei hata kidogo unapovuta, kinachofanyika ni kukata picha na kuitanua. Kamera isiyoweza kuhifadhi faili ghafi (RAW, picha kabla kamera haijaibana), na isiyokuonyesha namba yoyote ya f mahali popote, msiibishanie bei.

Kwa za mitumba, fungueni menyu ya lugha kabla ya jambo jingine lolote. Kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani zina Kijapani peke yake, na vishoka wanaodai kwamba wataibadilisha programu ikubali Kiingereza wameniletea kamera ambazo baada ya ufundi wao hazikuwaka tena. Pigeni ukuta mweupe kwa f/16 muone kama kihisi kina madoa, na mkiyaona, msikubali yafutwe hapo dukani kwa pamba na spiriti, maana mkwaruzo kwenye kioo cha kihisi hauondoki. Mulikeni tochi ndani ya lenzi mkiitazama kwa upande wa pili. Nyuzi nyeupe zilizosambaa kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu iliyokwisha kula mipako ya kioo huacha alama hata baada ya kusafishwa. Muuzaji akikataa msiingize kadi yenu, au akasema kamera haina chaji leo mje kesho mkiwa na fedha, msirudi.