Vifaranga vya kambale vinapungua na mizoga haionekani, vinaenda wapi?

SWALI: Mtaalamu shikamoo. Niko Kahama. Nilinunua vifaranga vya kambale 3,000 nikaviweka kwenye simtanki tulilolikata juu, vilikuwa vidogo kama punje ya mchele. Sasa ni wiki ya tatu, jana nimehesabu vimebaki 700 na kidogo, na cha ajabu sijaokota mizoga hata ishirini. Mlinzi nimeshamfukuza maana nilijua anauza. Jirani anasema ni ugonjwa niweke OTC, ile antibiotiki ya kuku. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kwanza mrudishe mlinzi wa watu kazini na umwombe radhi, mwizi yumo humohumo kwenye simtanki. Vifaranga vyako vinalana.

Leo saa nne usiku chukua tochi umulike chini kabisa, utaona vitu vyeusi vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Ndivyo vichwa vyenyewe. Kambale akiwa mdogo hawezi kummeza mwenzake mzima, anamdaka mkiani anammeza kwa nyuma hadi afike kichwani, sasa kichwa cha kambale si unakijua, kipana halafu kigumu, kinamshinda anakitema. Wakishafika kama sentimita 8 hata kichwa huoni tena, anamezwa mzimamzima kuanzia kichwani, ndo maana unahesabu upungufu tu na mzoga hamna. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilibadilisha maji wiki nzima nikidhani ni sumu ya bomba.

OTC achana nayo, njaa haitibiwi na dawa. Kinachotakiwa ni kuvichambua. Kwenye kila kundi kuna wachache wanakimbia kukua kuliko wenzao, na hao ndo wanaomaliza tenki. Chukua beseni la plastiki litoboe matundu yanayolingana, lielee kwenye maji, mimina vifaranga humo, wadogo watapita wakubwa watabaki. Fanya asubuhi kukiwa na baridi, kabla hujawalisha, na rudia kila baada ya siku 7 hivi. Wakubwa usiwaue jamani, wape tenki lao.

Halafu chakula. Hapa ndo watu wengi wanakosea, unamwaga asubuhi na jioni kama unafuga kuku wakati kambale ni mtu wa usiku, anatafuta chakula giza likiingia, akikosa anamwangalia jirani. Wape kidogokidogo mara nyingi, na usiku uamke angalau mara moja. Funika nusu ya tenki na turubai jeusi, wanapenda giza na wakiwa gizani wanatulia. Vile vichanga kabisa, vya siku ya tatu vilivyomaliza kile kiini cha tumboni, unga mkavu peke yake hauwasaidii maana tumbo halijakomaa, wanataka kitu kinachotembea: artemia (vidudu vidogo vya majini jamii ya uduvi) uliyoitotolesha kwenye maji ya chumvi, au kama kopo lake linakushinda bei (na linashinda wengi) weka samadi ya kuku kwenye kibwawa, subiri maji yajae vidudu, uvichote na kitambaa cha chandarua. Unga wenye protini ya kutosha unaanza kuuchanganya taratibu baadaye.

Na pampu ya hewa usizime. Najua umesikia kambale anapumua hewa ya juu, ni kweli, ila kile kiungo cha kupumulia hakipo siku anazaliwa, kinakuja akiwa na wiki mbili tatu.

SWALI: Kaka habari, niko Sengerema, nazalisha mwenyewe. Jike nimelichoma homoni mayai yametoka vizuri tu, ila dume nimelikamua mpaka nimechoka halitoi kitu. Nimebadilisha madume matatu. Kosa liko wapi?

JIBU: Hamna kosa, umewaonea bure. Dume la kambale halikamuliki, linachinjwa. Hakikisha ni dume kweli, nyuma ya tundu la haja lina kinundu kirefu chenye ncha. Ukilipasua korodani ziko mbili kule juu karibu na uti wa mgongo, ukizikuta nyeupe maziwa umepata. Zipanguse damu yote, zikate kwa wembe, zikamulie ndani ya kipande cha chandarua, changanya na maji ya dripu yale ya chumvi, mwagia kwenye mayai yakiwa bado makavu, koroga na unyoya wa kuku, ndo unaweka maji safi. Tone la maji likiingia mapema umeharibu, maana mbegu zikigusa maji zinaamka na uhai wake ni kama dakika moja tu.

Muda nao uangalie. Maji yakiwa nyuzi 25 jike linahitaji kama masaa 11 baada ya sindano, kwa hiyo ukichoma saa mbili usiku unakamua saa moja asubuhi, maji ya baridi yanachelewesha zaidi. Gramu moja ni mayai 600 hadi 700 hivi, yatandaze tabaka moja kwenye neti yasibebane. Yakigeuka meupe yameoza, yatoe kabla ukungu haujahamia kwa mazima. Dume lenyewe ni mboga ya mchana, msilitupe.

SWALI: Niko Kisumu, huku kambale tunaita mumi. Bwawa langu limejaa ngege (perege) wadogo hawakui, nimeskia nikiweka mumi watapunguza. Ama niuze tu mumi wadogo kama chambo?

JIBU: Weka, wanasaidia kweli, wanakula vitoto ili waliobaki wapate nafasi. Ila mumi wawe wadogo kuliko ngege unaotaka kuwabakiza, ukiweka wakubwa watakula na mtaji. Chambo nacho kinauzika, wavuvi wa mbuta (sangara) wanapenda mumi mdogo sababu anakaa hai kwenye ndoano muda mrefu, sema wao wanataka saizi moja na wanataka wengi kwa mpigo, kwa hiyo ongea nao ufukweni kabla hujajaza tenki.